Samaki wa Kurudishwa Majini

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi na dada yangu mkubwa tulifunga flai katika karakana moja nyuma ya Jogoo Road. Flai ni chambo bandia: ndoano unayoizungushia uzi, nywele za mbuzi na manyoya ya jogoo mpaka ifanane na mdudu au kisamaki. Zile kubwa za mfano wa kisamaki tuliziita strima. Oda zake zilimiminika Julai, Nairobi ikiwa na baridi ya kupasua midomo, kwa sababu wateja wa ng'ambo walizitaka kabla miti yao haijaanza kupukutisha majani. Wakati huo, tuliambiwa, samaki wao aitwaye bass, yule wa mdomo mdogo, hula kwa pupa akijiandalia baridi. Hatukuwahi kumwona. Tulijua tu kinachomdanganya.

Dada ndiye aliyekuwa na mkono wa strima. Alitangulia kuajiriwa, akanifundisha jioni kwa jioni katika chumba chetu Dandora, akiibana ndoano kwa koleo kwa kuwa jiriwa, vile vibanio vya mezani, zilikuwa za kazini. Manyoya yalimkohoza na vanishi ilimtoa machozi.

"Kuna mtu mahali anapata mboga kwa sababu ya hii," alikuwa akiniambia.

Aliamini hivyo. Sisi ni watu wa magharibi, karibu na ziwa. Kwetu ndoano ni ya chakula.

Mwaka mmoja akaja mnunuzi kutoka ng'ambo, mzee mpole wa mashavu mekundu, akasema angependa kuvua pamoja na wafungaji. Mwenye karakana akatuchagua sisi wawili. Jumapili hiyo tulikosa kanisa, ingawa tulivaa magauni ya kanisani, mwenye karakana akatupeleka pamoja na msimamizi wetu hadi bwawa la shamba moja nje ya mji. Humo mlikuwa na bass pia, ila wa mdomo mkubwa.

Mzee alifunga strima ya dada kwenye kamba ya fimbo yake ya kuvulia, akairusha mbali, kisha akaivuta kidogo kidogo. Nywele za mbuzi zikaanza kuogelea. Dada alinishika mkono. Samaki alipoidaka, fimbo ikapinda, na mzee akampa dada amalizie. Alimleta hadi kwenye nyasi, samaki wa kijani, mnene kuliko mkono wangu, akamwinua huku akicheka. Mwenye karakana akapiga picha.

Kisha mzee akanyoosha mikono apewe samaki.

"Anataka nini?" dada akamuuliza msimamizi.

"Anamrudisha majini."

"Kwani ni mgonjwa?"

"Hawamli. Wanamvua, wanamwachilia. Ni mchezo tu, dadangu."

"Hata huko kwao?"

"Wengi wao."

Dada alimtazama samaki. Kisha akaokota jiwe, akampiga kichwani mara moja, kama mama alivyotufundisha, akamfunga ndani ya leso yake.

Mzee aligeuka akatazama milima. Mwenye karakana akakusanya vifaa vya mzee, akaturudisha mjini. Jioni tulimkaanga samaki kwa nyanya, tukamla kwa ugali. Dada alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Nimeharibu kifua changu kwa mchezo," akasema.

Jumatatu msimamizi alitungoja getini. "Wewe ingia," akaniambia. "Yeye arudi nyumbani."

Niligeuka niondoke naye. Dada akanisukuma begani. "Na nyumba atailipia nani? Ingia."

Nikaingia. Nikakalishwa kwenye jiriwa yake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kufunga strima zake.

Baadaye ile picha ilitundikwa ofisini: dada na gauni lake la kanisani, samaki mikononi, anacheka. Wageni walikuwa wakiambiwa jinsi wafanyakazi wetu wanavyoupenda mchezo huu. Nilimwomba msimamizi aiondoe.

"Lakini ametoka vizuri," akasema.

Dada aliuza mitumba Gikomba mpaka kifua kikamshinda, akarudi magharibi. Mimi nilifunga strima hadi karakana ilipohamishiwa nchi nyingine, ambako mikono ilikuwa rahisi kuliko yetu. Siku ya mwisho kila mmoja wetu alipewa kikombe chenye mchoro wa samaki. Changu nilikiacha kwa mlinzi.