Zikiisha Uje

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomwita mzee wa watu mwizi mbele ya foleni nzima, naye alikuwa amefanya kile kile nilichomwagiza.

Nilikuwa msichana, mtoa dawa kwenye dirisha la hospitali moja hapa Songea. Na tangu utotoni mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa akisema hata uji naunusa mara mbili kabla ya kuunywa. Hadi leo, mjukuu akiniambia ameshanawa, nataka nione mikono. Kushuku si ubaya, ukijua cha kushuku. Mimi sikujua.

Mzee mwenyewe aliitwa Mzee Rashidi, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Namtumbo. Mara ya kwanza alikuja kifua kimembana kwa pumu. Daktari alimwandikia kwenye daftari lake vidonge vya jamii ya steroidi, vya siku saba tu. Nikamhesabia, nikamtilia kwenye kibahasha, nikaandika juu yake jina la dawa na “asubuhi viwili”, nikamwambia kama nilivyowaambia wote: “Zikiisha uje.” Daktari hakuagiza hivyo. Lilikuwa neno la mdomo tu, kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena. Tulilirithi kwa waliotutangulia dirishani, wala hakuna aliyejiuliza mgonjwa analisikiaje.

Alikuja. Nikaona mwandiko wangu kwenye kibahasha, nikampa tena bila kufungua daftari. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Akaja tena na tena. Akikosa nauli, hukionyesha kibahasha hicho kwenye duka la dawa la kwao, akauziwa. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Ilipofika mwaka wa pili ndipo nikaanza kumtilia mashaka, na nilipoanza sikubakisha. Kwanza mashavu yake. Yalikuwa yamejaa, mviringo, yanang'aa. Nikasema moyoni, tumbaku gani hii inayomnenepesha mtu hivi? Huyu anauza vidonge vyetu huko mtaa wa Msamala. Halafu maumivu yake hayakuwa na makao: leo anashika kinena, safari nyingine anasema goti. Nikasema mwongo husahau alipoumwa jana. Na ile fimbo, mwanangu! Mguu aliouburuta ni wa kulia, fimbo kaishika mkono wa kushoto. Hapo nikaridhika kabisa kwamba anaigiza.

Siku hiyo akainama dirishani. “Hujambo binti yangu? Zimekwisha tena.”

Hata shikamoo sikumpa. “Zimekwisha, au umeziuza?” nikasema, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho. “Mzee mzima huoni haya? Nenda, na usirudi hapa.” Nikabaki na kibahasha chake. Watu wakaguna. Akageuka, akaondoka akichechemea.

Mama Haule, mkubwa wetu wa famasi, alikuwa nyuma yangu akipanga makasha. Alikuwa mpole, lakini upole wake tuliuogopa kuliko makelele ya wengine. Akakichukua kibahasha mkononi mwangu, akakisoma.

“Yustina, huyu ametumia hizi muda gani?”

“Mwaka na zaidi, mama. Anaziuza.”

“Nani alimwambia aendelee?”

Nikakitazama kibahasha mkononi mwake: mwandiko ulikuwa wangu.

“Mkimbilie,” akasema. “Mwili uliozoea dawa hii ukikatiwa ghafla, mtu anaweza kuanguka akafa. Kimbia! Mengine tutayasema ukirudi.”

Nilikimbia na koti langu jeupe hadi stendi, nikichungulia basi moja baada ya jingine, nikimwomba Mungu yawe hayajaondoka ya Namtumbo. Nilimkuta kwenye benchi, amekaa upande upande ili asiulemee ule mguu. Nikapiga goti. “Shikamoo baba. Nisamehe, turudi hospitali.”

Hakuinuka. Sasa yeye ndiye aliyenishuku mimi, na alikuwa na haki.

“Binti yangu, sijauza hata kimoja,” akasema. “Wewe uliniambia zikiisha nije. Nikaja.”

Nililia pale pale, mbele ya wapiga debe.

Alirudi nami. Wakampiga picha ya eksirei, na daktari wa mifupa akatueleza. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya nyonga, kama mchi kwenye kinu. Dawa ile ikitumika sana yaweza kukikosesha damu kichwa hicho, kikafa kimyakimya, mfano wa boga lililooza ndani na ganda zima. Kisha, mtu akikanyaga, nyonga hubeba mwili pamoja na mvuto wa misuli inayomzuia asipinduke, na jumla yake hupita uzito wake mwenyewe. Kichwa kilichokufa hubonyea. Maumivu ya nyonga hutokea kinenani, au hushuka mpaka goti. Na fimbo inatakiwa ishikwe mkono wa upande usioumwa, maana hapo ndipo huipunguzia nyonga mbovu mzigo. Hata mashavu yalivimbishwa na dawa. Kila nilichokiita ushahidi wa wizi kilikuwa ugonjwa niliomgawia kwa mkono wangu. Mdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Dawa alipunguziwa kidogo kidogo, hadi akaiacha salama. Mguu haukupona. Shamba la tumbaku aliwaachia wanawe. Alinisamehe, ila kila alipopita dirishani alinichokoza: “Binti, leo zikiisha nije au nisije?” Watu walicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Mama Haule hakunifukuza. Alinikalisha, akasema: “Una jicho kali, lakini umelielekeza kusiko. Shuku karatasi. Shuku mkono wako. Mtu, muulize.” Tangu hapo tuliandika kwenye kibahasha siku ya kuimaliza dawa, tukalifungua daftari kila mara, na hakuna aliyeondoka kabla ya kutueleza kwa maneno yake atakavyotumia. Foleni ilirefuka, watu wakanung'unika. Wacha wanung'unike.

Sasa nimestaafu, nipo Ruhuwiko, hapa hapa Songea, na mimi ndiye nasimama nje ya dirisha na daftari langu la presha. Siondoki bila kusoma na kuuliza, hata vijana wakinikunjia uso. Ninyi mnaotoa dawa sasa mna kompyuta. Nazo zishukuni, maana husema lile mlilozilisha.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiona jambo la mgonjwa halieleweki, usikimbilie kumwita mwongo. Huenda mwili wake unasema kweli usiyoijua. Anza kujikagua wewe, kwa kuwa nyani haoni kundule. Na neno lako dogo la mazoea lipime kabla hujalitoa, kwa sababu yuko atakayelishika kama amri na kulifuata mpaka limvunje.

Mungu akutunze. Akupe jicho kali kwa karatasi na laini kwa mtu, na kila atakayefika dirishani kwako kwa miguu yake miwili, aendelee kuitembelea yote miwili mpaka uzeeni.