Alama za Wodi ya Nne

Msimamizi wa zamu wa wodi ya nne, hapa Minnesota, hubandika kipande cha plasta kwenye paja la suruali na kuandika hapo kila kitu: dawa za chumba cha sita, maswali ya profesa wake. Shahada ya udaktari wa uuguzi anayoisomea huku akifanya kazi haitaki kitabu kinene cha utafiti, inataka mradi wa kuibadilisha wodi. Mradi wake ni huu: wazee wachunguliwe kila saa wasianguke, na kila safari itiwe alama kwenye karatasi. Kwa miezi mitatu alama zilijaa vizuri, na mahafali ni Mei.

Jana saa nne asubuhi akamkuta nesi Marlys ameshatia alama mpaka za saa kumi jioni.

"Shoga, nakusaidia umalize shule," Marlys akacheka. "Sote tunafanya hivi tangu mwanzo. Profesa atajuaje?"

"Na mzee wa chumba cha sita akianguka saa nane, tutamwokota kwa alama?"

Hakupaza sauti. Kwa mikono yake iliyopasuka kwa kunawa, alizikusanya karatasi zote akazipiga mstari mwekundu. Kwenye plasta akafuta Mei ya mahafali, akaandika Desemba.

"Haya, karatasi mpya," akasema. "Tunaanzia chumba cha sita. Kwa miguu, Marlys."