Mwamba Niliousoma Mkavu

Mwanangu, kaa nikusimulie Ijumaa moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafsi hunisuta. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami ni binti wa Mombasa mwenye digrii ya miamba na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Nilifanya kazi katika ghala moja huko Garland, nje kidogo ya Dallas. Kampuni yetu, iliyokuwa na ofisi kuu Houston, ilipewa kazi ya kukagua mwamba wa nchi fulani ya baridi. Wenyewe walitaka kujua kama wanaweza kuzika humo, chini kabisa, mabaki ya fueli ya nyuklia, sumu itakayobaki kuwa sumu hata vitukuu wa vitukuu wetu wakishasahaulika.

Mwamba ule ulitufikia ndani ya masanduku, vipande virefu vya mviringo vilivyotolewa kwa mashine kwenye shimo refu, vinene kama mchi wa kinu. Kazi yangu ilikuwa kukiosha kila kipande kwa brashi na maji, kutazama kila mahali kilipokatika, na kuandika: hapa pamevunjwa na mashine, au hapa pana ufa wa asili. Palipovunjwa na mashine hapana neno. Lakini ufa wa asili ni njia ya maji, na maji yakiifikia sumu yanaweza kuipandisha mpaka kwenye visima vya watu.

Sasa sikia upuuzi wangu. Kesho yake, Jumamosi, mpwa wangu alikuwa aolewe Houston, na Alhamisi nilikuwa nimepakwa hina. Nawe wajua hina haitaki maji siku ya kwanza, la sivyo haikolei. Glavu zilikuwepo, lakini niliogopa jasho. Basi nikausoma mwamba mkavu, ungali na vumbi lake. Kila palipokatika niliandika "mashine", tena "mashine", nikatuma muhtasari Houston kwa faksi, kisha nikaenda kupakia nguo zangu garini.

Aliyebeba masanduku yale ghalani alikuwa mzee wa Kikongo kutoka Katanga, mchimba madini wa zamani. Tulimwita Papa Ilunga. Alinifuata mpaka kwenye gari, maana hakutaka kunisema mbele ya wenzangu. Mkononi alishika kipande alichokiosha mwenyewe.

"Mama, hii haikuvunjika na mashine," aliniambia kwa upole. "Angalia, iko na kutu. Maji ilipitaka hapa zamani."

"Papa, mimi ndiye niliyesomea kazi hii," nikamjibu. Naona haya kuyarudia maneno hayo, lakini ndivyo nilivyosema, tena kwa mtu wa umri wa baba yangu.

Hakukasirika. "Kwetu kulikuwa mutu alisomaka kuliko weye," akasema. "Aliandika jiwe iko nguvu, na hakushuka kuangalia. Maji ikaingia mu shimo. Mudogo yangu alikuwa mule. Hatukupata hata mwili ya kuzika." Akanikabidhi kile kipande, kisha akaniuliza, "Yule mutu, tulijua nyumba yake. Weye, batoto ba kesho batakutafuta wapi?"

Nilirudi ndani, nikajaza ndoo, nikaanza kusugua. Papa Ilunga alinifungulia masanduku moja baada ya jingine bila kunisimanga. Nilikuta nyufa saba za asili, kila moja ina utando wa kutu, na zote nilikuwa nimeziandika "mashine". Sehemu hiyo ya mwamba ndiyo mkubwa wangu, kwa kuiamini faksi yangu, alikuwa tayari ameisifia kwa wateja kuwa ni mwamba mzima. Nilipompigia simu kumweleza, alinikemea hata nikalia, na wiki iliyofuata akaniondoa kwenye kazi ile. Dada yangu naye alifoka: "Waniwachia arusi ya mwanangu kwa ajili ya mawe?" Nilifika Houston Jumamosi alasiri, nikah imeshafungwa, na mwezi mzima dada hakupokea simu zangu.

Wateja walichimba shimo jingine, hilo nililisikia. Waliamua nini mwishowe, sijui hata leo. Papa Ilunga alifariki miaka michache baadaye, na nashukuru niliwahi kumwomba radhi.

Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo tuliimbishwa tungali wadogo, na siku ile ufa wenyewe ulikuwa mezani pangu, nami nikautazama nisiuone. Elimu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kujali, na masikio ya kumsikiliza mbeba masanduku.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Kosa litakalokurudia wewe mwenyewe, hilo lina mwalimu wake, litakufunza. Liogope zaidi kosa litakalomwangukia mtu usiyemjua, ambaye hawezi kuja kukugombeza. Kazi ya namna hiyo ioshe kwa mikono yako, hata kama imekuharibia sherehe. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana ukweli uliocheleweshwa huwa mzito kuutoa kinywani.

Mola akupe jicho lisilopuuza na moyo unaoonyeka. Na wale ambao hawajazaliwa, wachote maji yao, wanywe, wawanyweshe watoto wao, wasipate kamwe sababu ya kuuliza wewe ulikuwa nani. Amin.