Dawa ya masofa, na mimi ndiye doa

Admin, jina langu lifukie kabisa, maana Kilosa hii tunajuana mpaka kuku. Nina miaka sabini na tatu, mjane, shule niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu na mimi tulichokana. Marehemu baba alikata mkonge, mimi nikawa kibarua wa relini, na nyumba ninayokaa nimeijenga kwa mgongo huu. Naishi na mwanangu wa kiume, mke wake, na binti yao wa miaka minane. Huyo mtoto nitamwita Tausi.

Sasa sikieni aibu yangu. Wanaume wenzangu mnaweza kucheka, ila msicheke sana, zamu zenu zinakuja.

Tausi ni kikojozi. Mwaka jana mama yake alimtwika godoro kichwani akamzungusha mtaa mzima, watoto wenzake nyuma wanamzomea na kuimba. Mtoto wiki nzima hakwenda shule. Alikuwa anajificha nyuma ya banda la mbuzi, na hata chakula nilimpelekea huko huko. Mimi nilinyamaza, nikasema mtoto ni wa kwao. Bado najilaumu.

Basi siku moja mchana Tausi akalala kwenye kochi akiangalia katuni. Kuamka, kochi limelowa. Akanitazama, na mama yake huyo anafungua geti. Nikamwambia, "Toka, kacheze." Nikakaa pale pale penye unyevu, mzee mzima, na kikoi changu. Jioni nikamwambia mwanangu kwa mzaha, "Baba yako bomba limelegea, usinune." Akanuna. Ikatokea tena, na tena. Mara tatu nimekalia mkojo usio wangu.

Mwezi huu wakaamua kununua masofa mapya, rangi ya maziwa. Rangi ya maziwa, Kilosa, kwenye vumbi hili! Tukaenda Mikumi, mimi, mwanangu na mkewe, kuna muuzaji pale barabara kuu. Kijana mwenye maneno mengi. Akatuonyesha dawa ya kupulizia kitambaa ili kisishike madoa. Akamwaga soda, ikatiririka kama maji kwenye jani la gimbi. Dawa hiyo inalipiwa mbali, haimo kwenye bei ya masofa. Nikauliza, "Hata mkojo?" nikimfikiria Tausi.

Yule kijana akaniangalia kwa huruma. "Shikamoo mzee. Kumbe ndiye wewe! Mama huyu alinieleza kwenye simu. Usijali, umri ndio huo. Ukifutwa mapema hauachi kitu."

Mkwe wangu akageuka kuhesabu malori barabarani. Huyu mwanamke hawezi kunitajia jambo la chini ya kiuno, mimi ni mkwe wake, heshima inamkataza. Lakini muuza masofa alimtajia!

Nikamwambia kijana, "Basi nipulizie mimi mwenyewe, mwanangu, itakuwa rahisi kuliko masofa yote." Akacheka peke yake.

Kwenye gari la kurudi mwanangu akafungua mdomo. "Baba, tumezungumza. Masofa tumenunua sisi, hiyo dawa uilipie wewe. Si una yule beberu bandani? Muuze. Madoa ni ya kwako."

"Na nisipolipa?"

"Tutakutengenezea chumba cha uani. Kina hewa nzuri. Na kiti cha plastiki utawekewa barazani. Sebuleni hapana, baba. Wageni watasemaje?"

Chumba cha uani! Mle tunaweka majembe. Nyumba nimejenga mimi, tofali kwa tofali, leo napangiwa pa kuweka makalio yangu.

Lakini wasomaji, kilichonikata maini ni kingine. Uongo niliutunga mwenyewe, siwalaumu kwa kuuamini. Ila katika miezi yote hii hakuna hata mmoja aliyesema, "Baba, twende hospitali wakakuangalie." Mzee ameanza kujikojolea ghafla, hawajiulizi anaumwa nini. Dawa wameitafuta, wameipata, na ni ya kochi.

Nilitaka nipasue kila kitu siku ile ile. Nikaingia ndani nimevimba kama chura. Tausi alikuwa amejibanza mlangoni, kasikia yote baba yake akiyarudia tulipokuwa tunashuka garini. Akanivuta shati, akaniuliza taratibu, "Babu, ukihamia uani, mimi nitamsingizia nani?"

Nikakaa chini, nikaanza kupiga hesabu upya.

Nikilipa, beberu wangu anakwenda, nabaki sebuleni, na mtoto akiteleza tunafuta haraka yanaisha. Lakini nitakuwa nimekubali kwa mkono wangu kwamba mimi ndiye kikojozi, na jina hilo nitazikwa nalo. Nikigoma, nalala na majembe, na Tausi anabaki peke yake na mama yake na lile godoro. Nikisema ukweli, najisafisha mimi na kumpaka yeye. Na mwanangu simwamini. Atasema, "Baba sasa unamsingizia mtoto," halafu atampiga huyo huyo mtoto.

Masofa yanaletwa Jumamosi, na kabla ya hapo muuzaji anataka jibu kama apulizie au asipulizie. Mwanangu kila asubuhi ananiamkia na kunikumbusha, shikamoo na beberu kwa pumzi moja.

Haya, ninyi wenye wazee na watoto majumbani, mzee wenu nimekwama. Nilipie hiyo dawa, nigome, au niseme? Matusi ruhusa, nimeshayazoea. Ila anayetaka kunitukana atangulize shikamoo.