Ndege Chini ya Turubai la Msiba

“Mtu wa kuizika ndege hii hajazaliwa. Itanizika yenyewe mimi.”

Tumpe Mwakatobe aliyasema hayo kwa kipaza sauti, siku ya sherehe za mavuno, mbele ya Chimala nzima: watu wa ushirika wa mpunga, kwaya mbili, na mbwa wa mwenye baa. Watu wakapiga makofi. Mbwa akapiga miayo, na baadaye ilionekana ndiye pekee aliyesikiliza vizuri.

Tumpe ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, mapazia, na magauni ya mama wa bwana harusi, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu mama wa bwana harusi hanenepi kwa mpangilio. Namna alivyoingia kwenye mambo ya anga ni hivi. Siku moja Halfani, rubani mstaafu aliyezoea kunyunyizia kweleakwelea dawa kwenye mashamba ya mpunga, alisimama mlangoni kwake na kitambaa kilichochanika.

“Hii shuka?” Tumpe akauliza.

“Bawa,” Halfani akajibu.

Ndiyo siku aliyojua kwamba kuna ndege zinazovaa nguo. Ndege ya klabu ya wapenda anga, ambako Halfani alikuwa rubani, ilikuwa ya viti viwili, ya zamani, mabawa yake ya kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngoma. Tumpe alishona bawa lile kwa mshono wa mara mbili, kama wa suruali ya mwanafunzi mkorofi, na malipo yake yakawa uanachama. Katiba ya klabu ilisema mwanachama ni mtu aliyelipa kiingilio na kukaa ndani ya ndege. Tumpe alikaa, na Halfani akamzungusha juu ya Usangu nzima. Alifumba macho tangu kuondoka hadi kutua. Tangu siku hiyo huwasimulia watu Chimala inavyoonekana kutoka juu, na huisimulia vizuri sana.

Wanachama walikuwa kumi na watano, wengi wametawanyika barabara kuu yote kuanzia Mbeya hadi Iringa. Kiwanja kiliwekwa Chimala ili kiwe katikati, maana yake kila mtu alikuwa mbali nacho. Halafu ikaja korona. Wakulima wawili wageni walioianzisha klabu waliondoka kwenda kwao kwa wiki tatu, na wiki hizo zikafika miezi kumi na moja. Tumpe akabaki na funguo, mhuri, daftari na cheo cha katibu. Kila Jumamosi alikwenda kuifuta ndege vumbi na kulizungusha pangaboi kwa mkono, kama alivyofundishwa, akiwa hajui kama anaitunza au anaibembeleza.

Kutojua ndiyo ilikuwa hali ya mwaka ule. Mwanzoni ugonjwa ulikuwepo, shule zikafungwa, Tumpe akashona barakoa mia nne. Kisha ikatangazwa kwamba ugonjwa haupo, na barakoa mia tatu zikabaki kabatini. Kufika Februari ya elfu mbili ishirini na moja watu walianza kuziulizia tena, kwa sauti ya chini, kama wanaonunua gongo. Mteja alinunua barakoa, akaitia mfukoni, akatoka akisema hakuna ugonjwa. Nyumba zote zilipiga nyungu, zilijifukiza majani ya mlimao na mchaichai mpaka mtaa ukanukia chai, na ukiuliza wanajifukiza nini unaambiwa mafua.

Katikati ya hayo ikaja barua ya ushirika wa mpunga, wenye kiwanja. Mkataba ulitaka kila mwaka, kabla Februari haijaisha, klabu ifanye mkutano mkuu palepale kiwanjani, na wanachama wasiopungua kumi watie saini daftarini. Mwaka uliopita saini zilipatikana, korona ilikuwa haijafika. Mwaka huu msamaha hakuna. Ifikapo Jumamosi tarehe ishirini na saba pasipopatikana saini kumi, kiwanja kitaanikiwa mpunga, na ndege itafute pa kwenda. Ndege haikuwa na pa kwenda. Ingepelekwa na nani, wakati rubani wake pekee, Halfani, yuko kwake Iringa na hapokei simu?

Tumpe akawapigia wengine. Dastan, mnunuzi wa dhahabu wa Makongolosi, aliyejiunga ili apigwe picha na ndege, alisema ugonjwa haupo kabisa, ila haji kwenye mkusanyiko, kwa kuwa hao wanaosema upo ndio watakaomwambukiza. Mwenyekiti, Mwalimu Clement wa Iringa, mstaafu wa fizikia, alisema ugonjwa upo na ni hatari, ila kanisani anakwenda kwa sababu pale ni kwa Mungu. Chimala hakusema ni kwa nani. Watatu wa Mbeya walisema watakuja endapo wenzao hawaji, ili pasijae. Tumpe aliyaandika majibu yote, akayasoma mara mbili, akashindwa kujua nani amekubali na nani amekataa.

Ikabaki siku mbili. Alhamisi alfajiri upepo ukang'oa mabati ya banda la ndege, na mvua ikaanza. Kitambaa na mvua havihitaji kuelezwa kwa fundi cherehani. Tumpe alikimbia mpaka kwa Bi Rukia, mkodishaji wa maturubai, ambaye babu yake alitoka pwani na kandambili na akaacha nyumba tatu Chimala.

“Shikamoo, Bi Rukia.”

“Marahaba, mwanangu. Nani kafa?”

“Hajafa mtu. Nataka turubai.”

“Haya, nani anaoa?”

“Haoi mtu. La ndege.”

Bi Rukia akageuka kuutazama ubao wake wa bei. Ulikuwa na mistari miwili tu: msiba elfu kumi na tano kwa siku, harusi elfu arobaini, kwa sababu mwenye furaha habishani bei.

“Hiyo ndege yako inacheka au inalia?”

“Mabati yameng'oka, inanyeshewa.”

“Basi inalia,” akasema Bi Rukia, akaandika msiba.

Vijana wake wakafanya kama walivyozoea kufanya msibani. Walileta turubai, mabenchi, sufuria mbili kubwa na ndoo ya kunawia mikono. Ndege ikasukumwa chini ya turubai mpaka ikabaki pua tu inachungulia upande wa mashambani. Ukitazama kutoka barabarani huoni ndege. Unaona turubai na mabenchi, na husikii muziki. Kwa Chimala, hilo ni tangazo tosha la msiba.

Ijumaa asubuhi Mama Frida, kiongozi wa kina mama wa usharika wa Kilutheri, alifika na wenzake kumi na mmoja, kuni vichwani, unga kwenye ndoo.

“Pole sana, mama Lusia,” akamwambia, maana Lusia ndiye kifungua mimba wa Tumpe.

“Asante, tumeshapoa,” Tumpe akajibu, akidhani anapewa pole ya mabati. Aliguswa moyo. Hakujua kwamba watu wanaipenda klabu kiasi cha kuiletea kuni. Moto ulikuwa umeshawashwa Mama Frida alipomsogelea na kumwuliza mwili unafika lini.

Tumpe akasema hakuna mwili. Hakuna aliyekufa. Mama Frida akamtazama kwa huruma kubwa, akamshika bega.

“Hatuulizi ugonjwa, mama. Sisi tumekuja tu.”

Tumpe akaeleza kuhusu bati, kuhusu kitambaa, kuhusu ubao wa Bi Rukia. Kadiri alivyoeleza ndivyo kina mama walivyozidi kutikisa vichwa, kwa sababu miezi ile kila mwenye msiba alikuwa na maelezo marefu. Alipowaomba basi wachukue kuni zao warudi, ndipo alipokosea kabisa. Mama Frida alimwambia kuni za msiba hazirudi nyumbani. Ukizirudisha, umeualika msiba mwingine ufuate moshi. Wakaendelea kukoroga.

Mchana abiria mmoja wa basi, anayemfahamu mwanachama mmoja wa Mbeya, alipiga picha turubai akaituma. Saa nane kundi la simu la klabu likawa na ujumbe: Msiba klabuni Chimala, poleni. Ndani ya saa moja zikaingia pumzika kwa amani thelathini na nane. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani, kila mtu akiona aibu kuwa yeye tu ndiye asiyejua. Tumpe akaandika, hakuna aliyekufa. Maneno yake yakamezwa na picha za mishumaa. Mtu mmoja tu alimjibu: Jipe moyo katibu.

Hapo ndipo na yeye alipoanza kutojua. Alikaa kwenye benchi la msiba asioujua, akafungua daftari na kupitia majina kumi na tano. Wangapi aliongea nao wiki hii? Halfani hajapokea tangu Jumatano. Labda kina mama wanajua kitu. Labda mwenye msiba huwa wa mwisho kuambiwa.

Jumamosi wakaja. Wale waliokataa mkutano, na wale waliokubali kwa namna ya kukataa, wote hawakuweza kukataa mazishi. Mwalimu Clement alishuka basi la Iringa, barakoa chini ya kidevu, akakutana na Dastan anashusha gunia kwenye gari.

“Nilidhani ni wewe,” akasema Mwalimu.

“Na mimi nilidhani ni wewe, Mwalimu.”

Wakakumbatiana, wakakumbuka, wakarukiana mbali, wakaenda kunawa. Gunia la Dastan lilikuwa la mchele. Kina mama wakalizunguka wakilitazama. Kubeba mchele kutoka machimbo ya dhahabu na kuuleta Chimala, ambako mpaka kuku wanachagua mpunga, kulihitaji mtu mwenye fedha au mwenye majonzi ya kweli.

Kila mmoja alipofika Tumpe alimfuta moyoni kwenye orodha ya marehemu na kumwandika kwenye orodha ya akidi. Wa Mbeya watatu, si wao. Wawili wa Mafinga, si wao. Mmoja wa Makambako, naye yu hai na ana njaa. Kufikia saa sita walikuwa tisa, na yeye ndani. Wengine, isipokuwa mmoja, walikuwa nje ya nchi au walituma rambirambi kwa simu. Wote tisa wakatazamana, na jina moja likapita kwenye mabenchi bila mtu kulitamka.

Mwalimu Clement akasimama kuanza kumwelezea Halfani, jinsi alivyokuwa mtu wa watu. Tumpe hakuweza kuvumilia. Alitoka nje ya turubai, akasimama kwenye matope, akampigia mke wa Halfani. Simu ikapokelewa.

“Yupo,” mke wa Halfani akasema kabla hajaulizwa. “Kifua tu. Kupumua kunamchosha. Ila msimzike, mama Lusia. Tangu jana mnatutumia pole, na yeye anazisoma.”

Tumpe akarudi ndani. Mwalimu akamwuliza, kwa sauti ya darasani, ni nani hasa aliyefariki.

“Mpaka sasa, hakuna,” Tumpe akasema.

Kelele zilizofuata hazikuwa za msibani. Dastan alitaka kujua nani atarudisha mafuta ya gari, na wa Makambako alitaka kujua kama chakula kitaliwa hata hivyo. Tumpe akawaacha waseme. Kisha akaweka daftari kwenye benchi, kalamu juu yake. Akasema ndege ipo nyuma yao, wageuke waione, na kwamba jioni hii itakuwa haina kiwanja. Wakageuka. Wengine walikuwa hawajaiona kwa mwaka mzima. Dastan akaipapasa pua, akawa wa kwanza kutia saini.

Katibu wa ushirika alikuwa palepale, amekuja na unga wake kama jirani mwema. Alihesabu saini kwa kidole. Tisa. Akasema anasikitika, ila tisa ni tisa, na akasema hivyo akiwa na sahani mkononi.

Ndipo Bi Rukia alipoingia, amekuja kuona msiba gani huu unaokaa siku tatu bila maiti. Tumpe alimtazama, akaitazama ndege, akamwuliza kama amewahi kukaa ndani ya chombo hicho.

“Nina akili timamu,” Bi Rukia akajibu.

“Kaa tu, bibi. Hairuki. Kiingilio chako nakilipa mimi, niongezee kwenye hesabu ya turubai.”

Bi Rukia akaizunguka ndege mara moja, akaigonga pua. Alikubali kwa sharti moja, asifungiwe mkanda. Ilichukua kina mama wanne na Dastan kumwingiza, baibui likanasa kwenye usukani, na alipokwisha kukaa ikawa dhahiri kwamba kutoka itakuwa ni mkutano mwingine. Akatia saini humohumo ndani, miwani puani. Akatazama mbele kupitia kioo, akaliona turubai lake kutoka upande asiowahi kuliona, akasema lina tundu.

Katibu wa ushirika akauliza aandike nini kwenye taarifa, msiba au mkutano, kwa maana ameona vyote. Akaandika: mkutano, saini kumi, hakuna marehemu.

Halfani alikuja Aprili. Yeye alisema ilikuwa malaria, mke wake alisema kifua, watu hawakusema. Tumpe hakuuliza. Alimpunguzia suruali tatu kiunoni, inchi nne kila moja, na siku ileile Halfani akaiwasha ndege.

Mabati hayakurudi mpaka baada ya mavuno. Turubai likabaki palepale, na Bi Rukia akauchukua ubao wake akauongezea mstari wa tatu, kati ya msiba na harusi.

Ndege: shilingi elfu ishirini kwa siku.