Mikono ya Mama kwenye Televisheni

Katika maigizo sichezi mhusika mkuu. Kwenye jukwaa hapa Gitega nimekuwa mama mkwe, karani, mlevi. Kwenye televisheni napewa dakika mbili tatu, na kwa ajili ya dakika hizo naweza kukosa usingizi wiki nzima. Hakuna aliyenifundisha. Naangalia watu, halafu narudia mbele ya kioo mpaka najichukia.

Mwaka jana nilipewa nafasi ya fundi cherehani anayewadanganya wateja. Nilitaka uongo wake uonekane kabla hajafungua mdomo. Siku ya kurekodi nikakunja kitambaa mara nne, nikakipigapiga mara mbili, ndipo nikasema, “Kesho itakuwa tayari.” Mwongozaji alicheka mpaka tukalazimika kurudia. Akaagiza nifanye hivyo katika kila uongo.

Nilijua nimekitoa wapi kitendo kile. Mama ni fundi cherehani Muyinga. Baba alikwenda Tanzania kwa biashara nikiwa mdogo, na kila Ijumaa nikitoka madrasa Mama alikuwa akikunja kitambaa, akikipigapiga, akiniambia, “Baba yako alipiga simu, anakusalimia.” Nilikichukua kitendo hicho kwa sababu kilikuwa kizuri. Nakiri, sikufikiri zaidi ya hapo.

Jumapili mchana nilikwenda kutazama mchezo pamoja naye. Alikuwa amealika majirani, amepika pilau, akaniketisha katikati kama bibi harusi. Fundi wangu alipokunja kitambaa mara ya kwanza, wakapiga makofi, wakamgeukia Mama.

“We mama, ni wewe kabisa!”

Mama alicheka kuliko wote. Mara ya tatu, jirani mmoja akafuta machozi ya kicheko. “Kumbe akikunja tu, iko anadanganya!”

“Na zile simu za bwana, je?” mwingine akatania. “Si anakunjaga vilevile?”

Alikuwa anatania tu. Lakini Mama aliacha kucheka, na baada yake wote wakaacha, mmoja mmoja. Kwenye televisheni nilikuwa bado nakunja kitambaa.

Mama akainuka, akaizima, akawapakulia pilau. Walikula haraka, wakaaga bila kuniangalia.

Tulipobaki wawili nilianza kuomba msamaha. Akanikatiza.

“Mi nilisemaga vile sababu yako. Ili usilie ukiona wenzako na baba zao. Ulijua toka lini?”

Ningeweza kudanganya. Ndiyo kazi yangu.

“Toka darasa la nne, Mama. Simu ilikuwa mbovu mwezi mzima, na wewe bado ukaniletea salamu.”

Akaketi kwenye kiti cha cherehani, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

“Miaka yote hiyo,” akasema. “Basi mi nilikuwa nadanganya nani?”