Matofali 9 991 na kinu cha sombe

Leo shemeji yangu amenivua cheo mbele ya wanafunzi wangu.

Salumu, kaka wa muke wangu, anafyatua matofali hapa Kasongo. Anayaanika mia kwa kila mustari, mistari mia. Asubuhi mbuzi wakapita, wakaponda tisa katika mustari wa mwisho.

Yakabaki 9 991.

Mimi, mwalimu wa hesabu, nikajaribu kuigawanya hiyo namba kwa mbili, tatu, tano, saba... Nilipofika thelathini na moja nikachoka. Nikatangaza: «Hii ni nombre premier! Haigawanyiki! Huwezi kuyapanga mistari sawasawa hata ufanye nini.»

(Kuchoka si uthibitisho. Najua. Musiniandikie.)

Salumu akacheka. «Nikiyapanga, unatwanga sombe hapa inje, kikwembe cha dada yangu kiunoni.»

«Sawa!»

Hakushika kalamu. Akabomoa mistari mitatu ya mwisho, ule wa mbuzi ukiwemo. Akapata matofali 291. Akaongeza matatu kwa kila mustari uliobaki.

Mistari 97. Kila mmoja matofali 103. Halikubaki hata moja.

Muke wangu akaleta mbio kinu na majani ya muhogo ya sombe. Nikimuomba chai hakimbii hivyo.

«Nitwange mara ngapi?» nikauliza.

«Tisini na saba,» Salumu akasema. «Hiyo ndiyo haigawanyiki, mwalimu. Jaribu.»

Nimejaribu. Ni kweli.

Wanafunzi wangu wakahesabu kwa sauti. Ni wale wale ambao saba mara nane inawashinda darasani.

Leo hawakuruka hata pigo moja.